Kiti cha Bibi Utaratibu

Jumatatu, 2 Juni

Habari njema. Bibi Utaratibu anastaafu mwisho wa mwezi. Ndiye mkuu wetu wa idara ya rasilimali watu hapa kiwanda cha magodoro, na hajawahi kuketi kabla ya kunyoosha kitambaa cha meza. Ametuita mimi na dada Tabasamu, maofisa wake wawili, akatupa habari huku akipanga kalamu zake kwa urefu. Mkurugenzi atamchagua mmoja wetu. Yule ambaye wafanyakazi wanamwamini.

Nikamtazama Tabasamu. Akatabasamu. Ndiyo shida yake. Mtu akija na malalamiko ya likizo, anatabasamu. Akija na barua ya onyo, anatabasamu. Mimi nina vyeti ukutani na tai za kila rangi. Hakuna ushindani hapa.

Nyumbani nimemwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu, azoee. Akauliza kama Mkuu amekumbuka sabuni. Mkuu alikuwa amesahau.

Kosa dogo la jioni: nimempigia simu mama mkwe, nikamwambia cheo nimeshapewa. Akauliza kama nina uhakika walikuwa wanazungumza na mimi. Anakuja Jumapili kunipongeza.

Jumanne, 3 Juni

Viongozi wa kisasa wana kitu kinaitwa sera ya mlango wazi. Nimeamua kuwapita wote. Asubuhi nikamwita seremala wa kiwanda, nikamwambia aung'oe mlango wa ofisi yangu. Akauliza umeharibika nini. Nikamwambia haujaharibika, hii ni falsafa. Akaung'oa, kisha akauliza falsafa aipeleke wapi. Nikasema stoo.

Nimeshinda kutwa nikitazama korido. Upepo umenipeperushia karatasi hadi chini ya ngazi. Mchana akaja mama mmoja wa cherehani, anayeshona foronya za magodoro, macho mekundu. Akasimama kizingitini. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akawaona watu wa usafirishaji wanakunywa chai na masikio yamewasimama. Akasema samahani, amepotea njia. Akaingia kwa Tabasamu.

Tabasamu akafunga mlango. Nilimsikia yule mama analia, baadaye nikamsikia anacheka. Zaidi ya hapo sikuambulia kitu, hata nilipoegemea mlango wake. Mbao za zamani zile, nzito mno.

Alhamisi, 5 Juni

Nimegundua kinachonikwamisha. Kiwanda hiki kina amani kupita kiasi. Mpatanishi bila ugomvi ni zimamoto bila moto. Basi niwashe kamoto kadogo, ka kuzimika kirahisi.

Mtunza stoo na dereva wa lori ni chanda na pete, wanakula sahani moja. Nimemnong'oneza mtunza stoo kwamba dereva anamsema: eti hulala juu ya magodoro mapya. Nimemnong'oneza dereva kwamba mtunza stoo anamcheka: eti anaendesha lori kama anayembembeleza mtoto alale. Kesho Mkurugenzi anazunguka kiwandani. Atawakuta wamenuniana. Hapo nitatokea mimi na busara zangu.

Ijumaa, 6 Juni

Mkurugenzi alipofika stoo, kulikuwa na kelele kweli. Moyo ukanidunda kwa furaha. Nikaweka tai sawa, nikaingia, nikainua mkono.

"Ndugu zangu," nikasema, "vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana."

Wakanigeukia. Kumbe hawakuwa wanagombana, walikuwa wanacheka. Mtunza stoo alikuwa amekiri mbele ya mwenzake kwamba ndiyo, hujinyoosha kidogo, anapima ubora. Dereva naye kasema kubembeleza lori ni sifa, ndiyo maana hajawahi kupata ajali. Halafu wakaulizana nani aliyewaletea maneno.

Dereva akamgeukia Mkurugenzi. Kwa heshima zote, akasema, huyu bwana jana alileta petroli, leo amekuja na ndoo ya maji.

Mkurugenzi akaniuliza kama ni kweli. Nikasema lilikuwa zoezi la kupima mshikamano kazini. Nikawapongeza kwa kufaulu. Tabasamu alikuwa nyuma yake. Nitampa haki yake: aligeuka, akalitabasamia dirisha.

Jumapili, 8 Juni

Mama mkwe amekuja na dada zake wawili, wote wamevaa vya harusini. Nikaketi kichwani mwa meza. Akaniuliza mkuu wa rasilimali watu anafanya kazi gani hasa. Nikamweleza: anaajiri, analea, anatathmini, anakuza.

Akasema kumbe hiyo kazi ameifanya nyumbani kwake maisha yake yote, na katika kuajiri amekosea mara moja tu, alipopokea ile posa. Akanitazama. Dada zake wakapatwa na kikohozi.

Kisha akasema Ijumaa atapita kazini kwangu, akione hicho kiti. Nikasema karibu sana, mama. Ulimi huu utanizika.

Jikoni mke wangu alinisogelea. "Mwambie mama ukweli leo, wakati bado unauma kidogo tu." Nikamjibu kwamba hakuna haja, mpaka Ijumaa utakuwa ndio ukweli.

Jumatatu, 9 Juni

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Kuna tawi jipya linafunguliwa, mbali kabisa, na linahitaji afisa wa rasilimali watu. Tabasamu akipelekwa huko, nani amebaki?

Nikaenda kwa Mkurugenzi, nikafungua bomba la sifa. Nikamwambia Tabasamu anamsikiliza mtu mpaka mtu anasahau alikuja na hasira. Nikamwambia habari za yule mama wa cherehani, ambazo sasa kiwanda kizima kinazijua: mtoto wake mgonjwa, alikuwa amekuja kuaga aache kazi, na Tabasamu akambadilishia zamu siku hiyo hiyo. Nikasema anakumbuka nani amefiwa na nani ana mtihani wa jioni, na kwamba watu wakimwona koridoni nyuso zinawakunjuka.

Jambo la ajabu. Nilianza nikiwa natunga, na katikati nikaona situngi tena. Nikajikuta napangusa macho. Nadhani ni vumbi la sponji.

Mkurugenzi akauliza, na wewe je? Nikainamisha kichwa, nikasema mimi nitatumikia popote nitakapowekwa. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema nimemsaidia sana kuamua.

Nimenunua tai mpya.

Jumatano, 11 Juni

Tumekusanywa wote ukumbi wa chakula. Mkurugenzi alikuwa na matangazo mawili. La kwanza, tawi jipya limeahirishwa. La pili, mkuu mpya wa rasilimali watu ni Tabasamu.

Akasema alikuwa bado anasitasita, mpaka mshindani wake mwenyewe alipokuja kumwombea. Akaninyooshea mkono. Ukumbi mzima ukanipigia makofi, mimi ambaye hapa sijawahi kupigiwa hata mluzi. Nikasimama, nikainama, nikaketi. Mchimba kisima ameingia mwenyewe, na watu wanamshangilia akiwa chini.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikusudia kuugua leo. Mke wangu akanigusa paji la uso, akanipa viatu.

Nilipofika, mama mkwe alikuwa mapokezini tayari, na aliyekuwa akizungumza naye ni Tabasamu. Nikajisogeza karibu yao. Sentensi moja tu kutoka kwa Tabasamu, nami nimekwisha.

Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, huyu mkwe wangu ndiye mkuu hapa?"

Tabasamu akatabasamu. "Mama, bila yeye nisingekuwa hapa nilipo leo."

Kweli tupu, hakuna hata tone la uongo. Mama mkwe akamshukuru, akaomba nimsindikize. Getini akaniambia binti yake alikwishamweleza yote tangu Jumapili. Amekuja tu kwa sababu alitaka kumwona mtu mwingine anayenivumilia kila siku, ampe pole.

Baadaye Tabasamu akaniita ofisini kwake. Akasema anajua nilitaka apelekwe mbali. Sikukana, kwa sababu sikupata uongo kwa haraka.

"Lakini Mkurugenzi amenisimulia uliyoyasema," akasema. "Kaka, hakuna aliyewahi kunitazama vizuri hivyo kazini. Nataka tufanye kazi pamoja. Jicho hilo litumie kwa watu wetu, sio kwa viti."

Nilitoka bila kuaga. Nilijifungia chooni kidogo. Vumbi la sponji tena.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka mtu mpya. Tamaa ya vyeo imenitoka kabisa. Kiburi sina, hila sina. Nimewaza sana juu ya unyenyekevu wakati wa chai, nikaona kiwandani pale hakuna aliyenao kama huu wangu wa tangu jana. Lazima watu wapewe mfano wa kuiga.

Kwa hiyo Jumatatu nitapendekeza Tuzo ya Mwaka ya Unyenyekevu. Cheti, hotuba fupi, na picha kubwa ya mshindi pale mapokezini, ukubwa wa godoro la watu wawili. Picha nimeshaichagua, ile ninayotazama pembeni kama sijui napigwa.

Mke wangu anauliza nani watashindanishwa. Nimemtazama kwa unyenyekevu mkubwa. Wa kunishinda mimi atoke wapi?