Nukta Hamsini za Chawa wa Samaki

Jumatatu, 3 Machi 2025
Houston. Vita imeanza! Profesa ana nafasi moja kwenye meli ya utafiti, mwezi mzima katika Ghuba ya Meksiko. Atakayeleta ramani bora ya chawa wa samaki kufikia Ijumaa ndiye atakayepanda. Gaudence, Mtanzania wa meza ya pili hapa maabarani, ana nukta thelathini na nane kwenye ramani yake. Mimi nina sita. Akaniambia pole na kazi. Pole! Atanitambua. Keshokutwa ni Jumatano ya Majivu, na Wakenya Wakatoliki wote wa Texas watakula samaki. Nimeandika kwenye grupu la WhatsApp: msitupe matamvua ya samaki wa baharini, mniwekee mimi, Patroba, nitafute chawa humo, kwa ajili ya sayansi.

Jumanne, 4 Machi
Auntie Truphosa, nesi wa Missouri City, hapa jirani na Houston, amepiga simu akiwaka. Ati nawatangazia watu kwamba jikoni kwake kuna chawa? Nikafikiri haraka. Nikamwambia chawa ni dalili ya samaki freshi kabisa. Uongo, lakini mtamu. Akaupeleka kwenye grupu. Sasa kila mtu anajisifu! Kibet wa Garland hata hakungoja Majivu: "Bro, wangu ako na chawa twelve, nime-count mwenyewe. Nani ananifikia?" Mimi ni fundi.

Alhamisi, 6 Machi
Kibet ameendesha gari mwendo wa saa nne kuniletea mzigo wa Garland na Fort Worth. Jirani amegonga mlango mara mbili kwa sababu ya harufu. Mifuko arobaini na nne, nukta arobaini na nne! Kila nukta nimeiweka nyumbani kwa mwenye mfuko. Garland imejaa. Fort Worth imependeza. Gaudence akachungulia, akakohoa, akauliza kwa upole kama kaka Patroba amezihakiki. Wivu tu. Nikafunika ramani kwa jaketi.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa akauliza samaki wa baharini wanaishije Garland, mbali kabisa na bahari. Nikasema waliletwa. Kutoka wapi? Dukani. Maabara nzima ikaangua kicheko. Gaudence peke yake hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Kisha Profesa akaokota mfuko wa Auntie Truphosa. Kumbe samaki alimvua mwenyewe baharini Galveston, siku yake ya mapumziko, akaandika lebo kama ya damu ya mgonjwa: tarehe, saa, mahali, sahihi. Profesa akainamia hadubini muda mrefu. Chawa huyu hajawahi kumwona upande huu wa Ghuba! Akasema nukta hiyo moja inaishinda ramani nzima ya Gaudence. Nifute tu zile arobaini na tatu, nilete ramani Jumatatu, na nafasi ni yangu. YANGU! Gaudence akanipa mkono. Nimemsamehe.

Jumapili, 9 Machi
Nifute? Nimekesha kwa ajili ya nini? Kosa halikuwa nukta, lilikuwa mahali. Nimempigia kila mtu kumuuliza samaki wake alitoka bahari gani. Wengi hawajui, nikawasaidia kukumbuka. Kibet anadhani wake walikuwa na ladha ya nyumbani. Nimewaweka Malindi. Nukta ya Auntie ilibaki peke yake pale Galveston, inaharibu mpangilio, basi nimeisogeza kidogo, hadi upande wa pili wa Ghuba, karibu na zile nyingine. Ramani yangu sasa ina bahari mbili. Gaudence ana moja! Nimeshafungasha begi la melini.