Jina Lililorembwa Mpaka Likapotea

Habari ilitoka kwenye simu ya jamaa anayeitwa Redio. Redio haoni, na simu yake ndiyo humsomea kila kitu kwa sauti. Kwa vile sauti huwa juu, benchi zima nje ya saluni ya kinyozi husikiliza litake lisitake.

"Kiwanda cha sabuni kinaajiri wafungaji wa sabuni," simu ikatangaza. "Tuma ombi kwa ujumbe. Kompyuta itachuja kwanza, na usiosomeka utatupwa. Mwisho leo saa kumi."

Mama Chupa, muuzaji wa hapo, alikuwa anamimina kahawa. Ikamwagikia nje ya kikombe. Binti yake, kitinda mimba, alituma ombi tangu juzi, na tangu juzi halijajibiwa hata kwa tusi. Mama mtu usingizi umemruka.

"Ondoa presha, dada," akasema Kinyozi, anapuliza nywele kwenye mashine. "Lile ombi nimeliremba mwenyewe. Kila penye jambo la maana nimeweka herufi za mikia, zimejikunja kama zimetoka kusukwa. Bosi akiliona ataita majirani!"

"Herufi za kadi ya harusi!" Gundi, fundi viatu, akadakia. "Mtu anaomba kufunga sabuni, wewe unamvisha shela?"

"Gundi, utajua nini na wewe? Siku hizi jina kavu watu wanalipita. Nenda kaone ukurasa wa saluni yangu, jina lote nimelisuka hivyohivyo."

"Nimeuona. Nikadhani simu imeingia maji."

Benchi likaangua kicheko. Mama Chupa hakucheka.

"Acheni utani. Kompyuta inayasoma hayo mapambo?"

"Dada yangu! Kompyuta si ndiyo imeyatengeneza?"

"Nirushie mimi," Redio akasema. "Simu yangu haina adabu, itasema ukweli."

Mama Chupa akamrushia nakala aliyopewa na binti.

"Habari za kazi," simu ikasoma. "Naitwa. Umri wangu ni. Nina uzoefu wa. Nitashukuru sana. Wenu mtiifu."

Simu ikaishia hapo.

"Wenu mtiifu, hewa!" Gundi akapiga paja, nyundo ikamtoka.

"Hiyo simu ya Redio mbovu," Kinyozi akanung'unika.

"Mbovu? 'Habari za kazi' imeisomaje?" Mama Chupa akamgeukia, birika mkononi. "Mwanangu nimembeba tumboni, nikamtafutia jina zuri, leo wewe umelimeza kwa mikia yako!"

Hakungoja jibu. Akampigia binti.

"Futa mapambo yote! Andika kama ulivyofundishwa darasa la kwanza. Ndiyo, kavu!"

"Mama, itaonekana ya kishamba," sauti ya binti ikalalamika.

"Ionekane! Mimi nataka ionekane!"

Ombi jipya likapitia kwanza kwa Redio. Simu ikataja jina, la baba na la babu, umri, hadi kazi ya kupanga mzigo dukani kwa shangazi. Kila neno Mama Chupa aliitikia, "Eeh! Huyo ndiye!" kama anamtambua aliyepotea sokoni. Likatumwa saa kumi haijagonga. Punde binti akapiga simu huku akipiga kelele: kiwanda kimejibu, kimemwita kwa jina lake, aje kesho kwenye usaili.

Mama Chupa akakaa chini. Ndipo alipojimiminia na yeye kahawa.

Redio naye akavua kofia ajipepee. Kichwa kimenyolewa, kinang'aa.

"Nani kakunyoa?" Kinyozi akaruka. "Na unakalia benchi langu!"

"Mpwa wangu aliuliza simu, saluni za mtaa huu ziko wapi. Ikasema iko moja tu, ng'ambo ya barabara. Mimi sioni, ndugu yangu, nafuata simu."

Kinyozi akatazama ng'ambo. Kule foleni, kwake viti vitupu, na mwezi mzima alikuwa analaumu hali ya maisha. Akasogea pembeni kwa Mama Chupa.

"Dada," akanong'ona, "yule binti hawezi kunifutia na mimi mapambo ya jina la saluni?"

Mama Chupa akafunga birika lake taratibu.

"Mtumie ombi," akasema. "Kavu."