Mala Pata

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Bila mimi, Bruxelles isingeelewana. Sijivuni, nasema ilivyo. Tharcisse, mtoto wa Lubumbashi, lugha saba. Nane nikiwa nimeshiba. Leo hatimaye Lina, Mhispania mwenye mgahawa karibu na stesheni ya Gare du Midi, ameliona hilo.

Nilikwenda kumwomba salle yake, ukumbi wa nyuma, kwa ajili ya karamu ya ndoa ya Graciella, binti wa dada yangu. Salle waliyoshika kwanza imejaa maji, bomba limepasuka, na ndoa ni tarehe 18. Nyumba nzima inalia. Mke wangu Alphonsine amepiga simu mpaka sikio limekuwa jekundu. Nikawaambia, tulieni, mjomba yupo, Tonton yupo.

Lina alisita. Ukutani ana sahani tatu alizochora marehemu mume wake, kila moja na msemo wa Kihispania juu ya kudra, mikosi na kifo. Watu wa furaha kweli! Ijumaa wanakuja wafanyakazi wa ofisi moja ya Ulaya kumuaga mkubwa wao anayestaafu. Wote ni wa Kiingereza, na Lina anataka kadi ya Kiingereza chini ya kila sahani. Nikamwambia asitafute mbali. Kihispania nilikinyonya kwa masista wa Likasi, mkalimani wao miaka mitatu. Kiingereza nilikichukua mpakani Kasumbalesa, kwa madereva wa malori wa Zambia. Bon, akasema nikiandika kadi vizuri, salle ni yetu. Tukapeana mkono.

Jumanne, 7 Oktoba

Sahani ya kwanza: Estaba escrito. Kama écrit ya Kifaransa! Ilikuwa imeandikwa. Dakika moja, kadi tayari. Hilaire wa ghorofa ya pili, aliyesomea ualimu wa Kiingereza kule Lubumbashi na hapa anapanga mikebe dukani, akasema hata paka aliyelalia kitabu cha Kifaransa angeipata hiyo. Wivu. Najua anachotafuta. Anataka yeye ndiye atoe neno siku ya ndoa. Neno ni la mjomba! Tangu babu zetu.

Sahani ya pili: Cuando te toca, te toca. Nikaisoma kwa sauti. Nikaisoma tena. Nikasimama. Toca. Toka! Maprofesa wote wamelala, mimi nimegundua: Kihispania ni Kiswahili kilichopotea njia. Ukiambiwa toka, toka. Ndiyo kifo hicho, kinamfukuza muntu duniani. Nikaandika «When they say get out, get out».

Ya tatu: ¡Qué mala pata! Hii hata sikukaa chini. Kwetu «mara» tunaitamka «mala». Mala, pata. Yaani mara moja unapata! Baraka tupu. Mume wa Lina alichoka kuandika vifo, akamalizia na habari njema. «You get it fast».

Alhamisi, 9 Oktoba

Graciella amekuja na macho mekundu. Hilaire amemtia wasiwasi. Anaomba nimwonyeshe Hilaire zile kadi kabla hazijabandikwa.

«Tonton, minakulomba. Hii salle ni ya mwisho. Uache bongo.»

Bongo! Uongo, kwetu. Mimi! Nikamkumbusha siku sista mkuu wa Likasi alipozimia kanisani, nikamsemesha Kihispania sikioni mpaka akaamka na kuomba chai. Akauliza nilimwambia nini. Nikamjibu ni siri ya kanisa.

Nimekwenda kubandika mwenyewe. Nimesimamia na mpangilio pia. Sahani ya toka juu ya kiti cha mgeni wa heshima. Sahani ya mala pata juu ya dirisha la jikoni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hila. Kuna mkono wa mtu.

Mkubwa anayestaafu, Bwana Ward, alikaa chini ya sahani ya pili. Mwenzake akasimama, akaanza hotuba, akasoma kadi kwa sauti: wakikuambia toka, toka. Kumbe mzee wa watu hakutaka kustaafu, wamemsukuma. Ningejuaje? Wengine wakawa kwenye dirisha la jikoni, wanaonyesha kadi kwa kidole na kudai chakula chao cha haraka. Wali wa Lina unataka dakika arobaini na tano. Wakaanza kugonga sahani.

Na nani alikuwa anapita nje kwa bahati? Hilaire. Akaingia, akamweleza Lina kadi zangu zinasema nini kwa Kiingereza. Lina naye akatueleza Kihispania chake kinasema nini. Mala pata: mguu mbaya, yaani mkosi. Te toca: zamu yako ikifika, imefika.

Lina hakupiga kelele. Alisema tu: «Hiyo ya pili mume wangu aliichora hospitalini.» Halafu akasema salle hakuna.

Nilikuwa na jibu kali sana. Ila nilikuwa na mafua.

Jumapili, 12 Oktoba

Ushindi! Bwana Ward amerudi kwa Lina kuomba ile kadi ya toka. Ataitundika mlangoni kwake kwa ajili ya wakwe zake. Nani sasa hajui kutafsiri?

Na salle imerudi. Wanadai si kwa sababu yangu. Jana Graciella alikwenda kwa Lina peke yake, na kadi mpya za Hilaire mkononi, akaomba radhi, akasikiliza habari za marehemu mpaka jioni. Lina amekubali kwa sharti moja: mimi nisishike maikrofoni. Neno atatoa Hilaire.

«Tonton, wewe ukae tu,» Graciella ameniambia. «Ukae, ukule.»

Nikae! Alphonsine amenicheka mpaka amekosa pumzi.

Bon. Wamekataza maikrofoni, hawajakataza sauti. Keki ikiingia, nasimama juu ya kiti. Hotuba iko tayari, na kwa heshima ya Lina itakuwa ya Kihispania. Nitainua glasi mbele ya maharusi na kupaza: mala pata! Mala pata! Wapate mara moja nyumba, watoto, makaratasi ya ukaazi. Lina ni wa kijijini, atajua wapi. Kihispania safi ni cha masista.

Jambo moja tu, na lisitoke kwenye daftari hili. Wale masista wa Likasi, niliokuwa nikiwauzia mayai, walikuwa Waitalia.