Homa ya Mafua Yapigwa Marufuku Barking

Ilitangazwa kwa wanachama wote, pamoja na wake zao, waume zao na wageni wao, kwamba kuanzia Jumamosi ya karamu ya pilau homa ya mafua haitaruhusiwa tena kuingia katika ukumbi wa Umoja wa Wazungumzao Kiswahili, Barking na Vitongoji Vyake, jijini London. Tangazo lilisomwa na Mwenyekiti mwenyewe, Mzee Muhiddin, na likapigiwa makofi, kwa sababu katika umoja ule hakuna aliyewahi kuona tangazo la Mwenyekiti likikosa makofi.

Muhiddin hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikuwa mkaguzi wa tiketi za treni mpaka alipostaafu, na kazi ile ilimfundisha kwamba kila balaa huingilia mlangoni, na mlango unataka mtu mwenye kofia. Majira ya baridi yaliyopita homa iliwalaza nusu ya wanachama. Peris, Mkenya anayefanya kazi ya kutunza wazee, akaanza kusema hadharani kwamba ukumbi hauna hata dirisha linalofunguka. Sasa uchaguzi ulikuwa wiki moja tu baada ya pilau, Peris alikuwa anakitaka kiti, na Muhiddin, aliyekikalia tangu umoja uanzishwe, alikuwa tayari kupigana hata na virusi ili asikiachie.

Ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Kudhibiti Mafua. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitambua homa kwa sura. Wajumbe walikumbushana ile ya mwaka jana ilivyokuja: kwanza joto la mwili, kisha viungo kuuma, kikohozi mwisho kabisa. Maelezo hayo yakapitishwa kwa kauli moja. Yeyote atakayefika mlangoni na mambo hayo, kwa mpangilio huo, atarudishwa kwao.

Hemant, mzaliwa wa Tanga mwenye duka la dawa karibu na stesheni, alinyoosha mkono. Alieleza kwamba virusi vya mafua vinapozaliana hukosea kidogo kujinakili, na makosa hayo ndiyo yanayovipa sura mpya. Mwili uliozoea sura ya zamani hauvijui tena vile vilivyogeuka. Ndiyo maana chanjo hutungwa upya kila mwaka, tena kwa kukisia, maana wataalamu hulazimika kuchagua miezi kadhaa kabla ya baridi kufika.

"Mwaka huu imebadili koti, Bwana Muhiddin," alimalizia. "Ukiitafuta kwa koti la mwaka jana, itakupita huku inakuamkia."

Muhiddin alimjibu kwa upole kwamba mwanachama haruhusiwi kubadili hata anwani bila kumwarifu katibu, na hakuona kwa nini homa ipewe upendeleo. Kuhusu chanjo, yeye alichanjwa mwaka juzi. Kwa uelewa wake chanjo ni kama kibali cha ukaazi: ukishapata umepata. Hemant alikaa chini. Alikuwa na duka la kufungua.

Siku ya pilau wajumbe wote wa Kamati walipangwa mlangoni. Utaratibu ulikuwa wa kisayansi na wa heshima. Kila mjumbe ataushika mkono wa mgeni kwa muda wa kutosha kuhisi joto, huku akimuuliza hali yake, nyumbani, watoto, na waliobaki Unguja, kisha hali yake tena. Vijana waliwabusu wazee mikono kama walivyofundishwa. Matokeo yalikuwa ya kujivunia. Kila aliyeulizwa hujambo alijibu sijambo. Bibi mmoja aliyeshikiliwa huku na huku na wanawe alijibu sijambo kwa midomo tu, sauti haikutoka, na Kamati ikampitisha kuwa mzima.

Palitokea suala moja. Severin, mweka hazina, aliyesimama wa kwanza kwenye mstari, alikuwa akikohoa tangu mchana. Kamati ilikutana palepale kwa dharura. Ikaonekana kwamba kwa mujibu wa maelezo kikohozi huja mwisho, na Severin hakuwa na joto. Kwa hiyo kile kilikuwa kikohozi chake binafsi. Alipongezwa kwa uvumilivu, akarudi kazini. Alikohoa kwa adabu, akiziba mdomo kwa mkono wa kulia, na kwa mkono huohuo akaendelea kusalimia watu, kwani kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumvunjia heshima.

Peris alifika na wenzake wa kazini, nao wanachama. Waliweka mikono kifuani, wakainamisha vichwa.

"Utusamehe, Mzee Muhiddin, hatushikani mikono," alisema. "Kesho alfajiri tuna zamu kwa wazee tunaowatunza. Na huyo Severin mpelekeni nyumbani, jamani."

"Mkono wako unaficha nini?" Muhiddin aliuliza.

"Sabuni, mzee."

Watu wa nyuma walicheka, jambo ambalo halikuwamo kwenye utaratibu. Peris na wenzake wakarudishwa kwa kosa la kukataa ukaguzi, wakaenda kula chipsi kwenye kituo cha basi, upepo wa Novemba ukiwachapa.

Jumatatu Severin hakuinuka kitandani. Kufikia Alhamisi Kamati nzima ilikuwa imelala, na nyuma yake wote waliokula pilau. Homa ilikuja kinyume kabisa na maelezo yaliyopitishwa. Nyumbani kwa Severin zilipatikana tembe za mafua alizoandikiwa na daktari, dozi ya mtu mmoja, na Kamati ikazigawa sawa kwa sawa. Hemant alipiga simu kusema kwamba ikigawanywa hivyo dawa haiviui virusi, inavionyesha njia ya kuikwepa. Muhiddin alimjibu kwamba umoja wake haujawahi kumbagua mwanachama katika mgawo.

Jumamosi ikafika, siku ya uchaguzi. Katiba, aliyoiandika Muhiddin mwenyewe, inasema Mwenyekiti akiugua uchaguzi unasogezwa mbele. Akikosa kufika ilhali ni mzima, amejiuzulu. Alikuwa chini ya mablanketi matatu simu ilipolia. Alikuwa Peris.

"Pole, mzee."

"Pole ya nini?"

"Tuko ukumbini. Ni sisi tuliorudishwa tu, lakini akidi imetimia. Sema unaumwa, tusogeze mpaka upone. Neno moja tu."

Muhiddin alilifikiria neno lile. Lilikuwa jepesi, na kiti kingemngoja. Lakini aumwe nini? Ugonjwa uliokuwapo Barking ulikuwa mmoja, naye alikwisha kuupiga marufuku. Ikiwa umeingia, basi umepita mlango wake.

"Mimi ni mzima wa afya," alisema.

"Mzee, nasikia meno yakigongana."

"Ni simu hii. Endeleeni na ajenda."

Wakaendelea. Mkewe, Mardhiya, alikuwa pembeni akikamua kitambaa kwenye beseni. Simu ilipolia tena aliipokea yeye. Akasikiliza, akashukuru, akauliza hali ya watoto wa Peris, akaiweka chini.

"Wanasemaje?" Muhiddin aliuliza.

"Wamempa Peris. Hakuna aliyepinga." Alimwekea kitambaa cha baridi kwenye paji la uso. "Basi si mwenyekiti tena, bwana. Sasa unaruhusiwa kuumwa."

Muhiddin alipiga chafya ambayo alikuwa ameizuia wiki nzima, akavuta blanketi mpaka puani, na kwa sauti ya mwanachama wa kawaida akauliza kama kuna uji.