Ombi la Kusafirishwa Nje Nikiwa Malighafi

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.

Kwa Afisa wa Bidhaa za Kwenda Nje,
popote ofisi yake ilipohamia.

Ndugu Afisa,

YAH: KUSAFIRISHWA NJE NA KUREJESHWA NCHINI KABLA YA POSA

Pokea heshima zangu, nami naomba uisome barua hii ukiwa umeketi. Mimi ni Albano Nandonde, mchonga vinyago, mzaliwa wa Newala. Niliishi Kurasini mpaka mtaa wetu ulipopisha uwanja wa makontena, ndipo nikahamia huku Mtoni. Silalamikii hilo. Nalitaja tu ili ujue kwamba pale ilipokuwa sebule yangu leo zimepangwa bidhaa za nje, kwa hiyo mimi na biashara ya kimataifa tumekaa chini ya paa moja, ingawa kwa zamu.

Ombi langu ni fupi. Naomba nisafirishwe nje ya nchi nikiwa malighafi, kisha niingizwe tena nchini kabla ya Jumamosi ya posa ya mpwa wangu, Avelina. Sababu zangu ni hizi:

1. Korosho. Mwezi uliopita wazee wa upande wa kijana walikuja kwa dada yangu Demetria, mama yake Avelina, kujitambulisha. Mimi nilipeleka korosho za shamba letu la Newala, zilizochomwa na kubanguliwa na jirani yangu Mwanaasha, ambaye akizichoma uani kwake mtaa mzima hukumbuka kuwa una jambo la kuongea naye. Demetria akazitazama. "Kaka, hizi zina madoa. Unataka tuchekwe?" Zikabaki jikoni. Wageni wakaandaliwa korosho za kopo zilizonunuliwa katika duka kubwa huko mjini. Mzee mmoja akatafuna, akafumba macho, akasema, "Za nje hizi. Mtu unasikia kabisa!"

Nikavaa miwani, nikasoma nyuma ya kopo, palipoandikwa kwa herufi za kuwaonea wazee. Korosho zilitoka Tanzania, zikabanguliwa nchi nyingine, zikafungashwa nchi ya tatu. Nilipofungua kinywa ili niwaarifu wageni, Demetria alinikanyaga mguu. Basi, Ndugu Afisa, korosho ile ilizunguka dunia ili ije kuliwa sebuleni, na dada yake wa tumbo moja yuko jikoni amefunikwa kawa.

2. Kinyago. Zamani nilipasua gogo moja la mpingo, nikachonga vinyago viwili vya mwanamke aliyebeba mtungi. Kimoja alikinunua mtalii. Cha pili nilimpa Demetria siku ya harusi yake, naye tangu hapo hukitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Mwaka huu mdogo wetu Alfonsi amerudi kutoka Ulaya na zawadi aliyoinunua katika soko la vitu vya zamani, nayo ni kile kinyago cha kwanza. Alama yangu ipo chini ya kisigino. Kimewekwa juu ya kabati la vyombo, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma, na watoto wameonywa wasikiguse. Nilipoeleza kwamba nimekichonga mimi, Alfonsi alicheka kwa upole, akanipigapiga begani. "Kaka, hiki ni cha kule. Risiti ninayo!"

Nikiingia nyumba ile huwa namwona mmoja juu ya kabati na mwenzake mlangoni, chini, amegeuzwa uso ukutani. Tofauti yao ni safari tu.

3. Alfonsi mwenyewe. Simchukii. Nilimbeba mgongoni. Kule alikokwenda alimenya viazi katika jiko la hoteli, kazi ya halali ambayo hata hapa Mtoni angeipata bila kuvuka bahari. Lakini amerudi bidhaa iliyokamilika. Akisema "kwetu" anamaanisha huko. Akiumwa na mbu anashangaa, kana kwamba mbu ndiye mgeni. Na kwa kuwa ametoka nje, familia imeketi na kuamua kwamba yeye ndiye atakayekuwa mjomba siku ya posa.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kwetu sisi watu wa kusini, mjomba si pambo. Baba huweza kukosekana, shughuli ikaendelea. Mjomba mkubwa asipokuwepo, wageni hunywa chai wakarudi kwao. Mjomba mkubwa ni mimi. Nilipouliza kosa langu, Demetria alinijibu bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. "Kaka, wewe tupo nawe kila siku."

4. Swali. Mjomba hana kazi nyingi. Wageni wakishasema shida yao, yeye humwita binti, humgeukia mbele ya watu wote na kumuuliza: hawa unawafahamu? Tupokee walichokuja nacho, au tuwarudishie? Kisha ananyamaza. Binti akikataa, hakuna mkubwa wa kulivuka neno lake.

Alfonsi ameandaa ratiba. Kuna ufunguzi, utambulisho, picha, chakula. Swali ameliondoa. Anasema linapoteza muda, na kwamba kule binti haulizwi mbele ya watu. Nikamwambia kule binti huulizwa mahali pengine, hapa huulizwa hapa. Akasema, "Kaka, tusiwachoshe wageni."

Avelina alifiwa na baba yake angali mchanga. Nilimfundisha kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa karanga, ndiyo maana hadi leo anajua mwanzo wa habari nyingi asizozijua mwisho. Sitaki aolewe namna hiyo. Nataka aulizwe.

5. Utaratibu. Nimehamishwa mara nyingi katika maisha yangu, lakini nimegundua kwamba kuhamishwa ndani ya nchi hakumwongezei mtu thamani, kunamwongezea vifurushi tu. Ndiyo maana naomba kupita bandarini. Nipakiwe ghafi, bila kubanguliwa. Gunia liwe na matundu kama la vitunguu. Naomba nisipuliziwe dawa ya wadudu, kifua changu hakiiwezi. Si lazima nifike popote. Meli ikinitoa mpaka nisipoiona Kigamboni, ikageuza, mimi nitatosheka, mradi nipigwe muhuri.

Wakati wa kunirudisha, nawaomba watu wa ushuru wasinipange kwenye fungu la magari yaliyotumika, maana nasikia gari likizeeka ushuru wake hupanda, na mimi nilitengenezwa zamani sana. Mitumba pia sikubali. Andikeni "sanaa". Ikishindikana, andikeni "vipuri", kwa sababu kuna sehemu zangu ambazo bado ni nzima.

6. Faida kwa taifa. Ukiridhika na jaribio hili, napendekeza tusafirishe wazee wote wa Mtoni kwa shehena moja. Yupo Mzee Jabiri, muuza kahawa, ambaye ushauri wake hutolewa bure na hutupwa pamoja na machicha ya kahawa. Arudi na lebo, uone atakavyosikilizwa. Baadaye waende walimu, wakunga, mafundi cherehani. Hata wewe, Ndugu Afisa, jifiche wiki mbili, kisha rudi nyumbani ukilalamikia joto, uone watakavyogombania kukutilia maji ya kuoga. Mwishowe ingefaa nchi nzima itoke kidogo na kurudi. Tungeheshimiana sana. Kikwazo ninachokiona ni kimoja tu, kwamba hatabaki mtu wa kutupokea.

Nasubiri jibu lako kabla ya Jumamosi hiyo. Nisalimie wote hapo ofisini, wapakuzi, walinzi wa lango na mama wa chai, ambaye natumaini ni wa humu humu nchini.

Ni mimi, wako katika biashara,

Albano Nandonde
(malighafi)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha hii Avelina amepita. Amemwambia mama yake kwamba siku ya posa hatatoka chumbani mpaka asikie sauti yangu ikimwita, na kwamba Mjomba Alfonsi apige picha, ndiyo kazi anayoiweza. Demetria amelia kidogo, kisha amekubali. Kwa hiyo lichane ombi langu, Ndugu Afisa. Sisafiri.

Nilipompata mpwa wangu ameketi mbele yangu, nikaona nianze kazi yangu mapema. Nikamuuliza kama anamtaka kweli. Akasema anamtaka, tena akaniangalia usoni. Nikafurahi mno. Nikamuuliza kijana ni mtu wa wapi, maana siku ile ya kujitambulisha akili yangu yote ilikuwa kwenye kopo. Akaniambia ni wa Chang'ombe, anachomelea mageti, amezaliwa huko na hajawahi kuvuka Kibaha. Hapo nilisikia kinywa changu kikisema, "Chang'ombe tu? Mwanangu, hakupatikana hata mmoja aliyewahi kufika nje kidogo?"

Amecheka mpaka ameshika ukuta. Amekwenda kumwambia Mwanaasha, naye sasa ninamsikia uani akicheka. Mimi nimebaki na swali langu, na bado naliona ni la busara.