Bahari ya Ghorofa ya Tisa

Jumapili, 2 Juni

Siku ya kupumzika. Nimepumzika mpaka saa nne asubuhi, basi. Kisha mke wangu akapiga simu kutoka nyumbani.

Ijumaa ni siku ya wazazi shuleni kwa binti yetu. Kila mtoto wa darasa la tano atasimama aeleze kazi ya baba au mama yake, na mwalimu ana kioo kikubwa cha kuonyeshea video. Binti ameshaandikisha: baba ni nahodha wa meli. Anataka video ya meli. Mke akaongeza kwamba shemeji yangu, yaani kaka yake, yumo kwenye kamati ya wazazi, na ameapa kuwa video isipofika atasimama yeye mwenyewe awaambie watu wote kwamba baba wa mtoto huyu anabeba zege.

Sasa, kweli nabeba zege. Mwaka wa tatu huu. Unahodha ulinitoka mdomoni siku ya kuagana, shemeji aliponiuliza mbele ya wageni, eti bwana shemeji, huko unakwenda kuwa nani? Nilitaka anyamaze tu. Alinyamaza. Ila binti alikuwa chini ya meza, akasikia, akapiga makofi. Tangu hapo kila simu ni baba, bahari imechafuka? Imechafuka, mwanangu. Nimechoka na bahari ambayo sijapata kuiona.

Lakini Mungu hajanitupa! Meli ninayo. Ya kuchezea, nyeupe, urefu wa mkono wangu kuanzia begani, ina kibanda, bomba la moshi, bendera na rimoti. Niliiokota mwezi uliopita kwenye nyumba tuliyoibomoa. Fundi umeme, ninayeishi naye chumba kimoja, aliifungua akaitia betri mpya kwa kukosa la kufanya. Ukiipiga video kwa karibu, nani atajua udogo wake? Kinachotakiwa ni maji.

Mchana tumejaribu beseni la kufulia. Meli imelijaza. Mbele shubiri, nyuma shubiri. Nimeitazama video: meli yangu imesimama, na ubavuni kuna kipande cha sabuni. Fundi umeme akasema tuseme ni kisiwa. Nimeifuta.

Jumatatu, 3 Juni

Leo tumemwaga zege la paa, juu ya ghorofa ya nane, mahali patakapokuwa ghorofa ya tisa. Mabega siyasikii. Hata hivyo baada ya kazi nimekwenda bustani ya manispaa, kuna bwawa safi. Nilidhani nimefika!

Kando ya bwawa wazee sita wamekaa kwenye viti vya kukunja, kila mmoja na rimoti yake mkononi na meli yake majini. Kumbe kuna chama. Mwenyekiti, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, akaitazama meli yangu kama daktari anavyotazama kidonda. Akauliza namba ya usajili wa chombo. Nikasema inashughulikiwa. Akauliza uzoefu wangu. Nikasema nahodha, miaka mitatu. Wakacheka wote sita. Akasema basi ndugu nahodha, wasio wanachama huingia majini Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa barua.

Nikamwendea mlinzi, nikamwomba dakika tano tu, kwenye ile kona ya bata. Akasema kaka, usinitafutie balaa, hapa hata bata wanajulikana.

Jumanne, 4 Juni

Kiwanja cha jirani walichimba msingi wakauacha, mvua imeujaza. Hakuna chama. Hakuna bata. Maji rangi ya matofali, lakini maji.

Meli ikaenda vizuri hatua kumi, ikanasa kwenye nondo zilizojificha chini. Bonyeza rimoti, wapi! Nikaingia mwenyewe. Maji kiunoni, tope magotini. Nimetoka na meli nzima na buti moja. La pili limebaki kule, watalizika na msingi wao.

Fundi umeme alikuwa anapiga video muda wote. Video nzima ni makalio yangu. Nikamuuliza kwa nini hakupiga meli. Akasema meli ilikuwa nyuma ya makalio.

Zimebaki siku tatu. Nimelala na nguo mbichi, sina nguvu za kuzivua.

Jumatano, 5 Juni

Kazini nimekwenda na buti mguu wa kulia, kandambili mguu wa kushoto. Nyapara wetu tunamwita Kengele, kwa sababu haachi kulia mpaka mtu aitike. Akaniuliza kama nimekuja kujenga au kuoga. Akasema kandambili hiyo isikaribie toroli, nipande juu nikanyweshe zege, huko angalau sitaonwa na mtu.

Kupanda kote huko kwa ngazi. Lifti bado ni shimo. Nikafika juu hoi, nikainua kichwa nivute pumzi. Hapo ndipo nilipoiona. Bahari!

Mtu asiyejenga hajui. Zege bichi likikauka haraka hupasuka. Kwa hiyo tunazungusha kituta cha saruji na mchanga kwenye kingo zote za paa, tunamwaga maji ndani, yanakaa siku saba. Paa zima maji. Hakuna ukuta, hakuna mti, hakuna mwenyekiti. Mbingu tu pande zote. Miaka mitatu nanywesha mapaa na siku zote nilikuwa nimeinama.

Tatizo moja. Maji yalikuwa vidole viwili na meli inataka vidole vinne. Nikaamua kuinua tuta. Saruji iko chini kabisa, na miguu ilikataa kushuka na kupanda tena. Nikakwangua iliyoganda ndani ya ndoo, ikatoka kama kiganja kimoja, nikajazia mchanga. Ukitazama kwa mbali ni tuta kabisa. Nikafungulia mpira.

Jioni Kengele akapanda, akaona maji yamejaa, akauliza nani kaagiza. Nikamwambia bosi, hili zege lina kiu kuliko mengine. Akanipiga begani, akasema leo umefanya kazi. Mara ya kwanza! Nimeshuka ngazi nikijiona nina akili.

Alhamisi, 6 Juni

Saa ya chakula, watu wote wakiwa chini. Fundi umeme amelala kifudifudi, simu karibu inagusa maji, ananung'unika kwamba yeye ana watoto wanaomtegemea. Mimi nyuma ya pipa na rimoti. Meli ikaondoka.

Jamani! Ilipasua maji, bendera inapepea, mawingu juu, mawingu chini. Nilisahau mgongo. Dakika tatu nzima nilikuwa nahodha.

Kisha betri ya rimoti ikafa. Meli haikuambiwa. Ikaenda moja kwa moja ikagonga tuta langu la mchanga, upande wa shimo la lifti. Tuta likaachama. Bahari yote ikaondoka, meli ikitangulia. Nikasikia maji yakishuka ghorofa moja baada ya nyingine, halafu sauti ya Kengele. Alikuwa chini kabisa, anamwonyesha mwenye jengo mahali lifti itakapokaa. Mwenye jengo alikuwa amevaa suti.

Walipanda wote wawili wakichuruzika. Mwenye jengo ndiye aliyeniuliza, kwa upole unaotisha, nilikuwa nafanya nini. Nikasema mzee, nilikuwa napima kama paa linavuja. Akaikamua tai yake. Akasema haya, umeonaje? Nikasema paa halivuji mzee, ni pembeni tu.

Adhabu: sifukuzwi kwa sasa, maana hakuna mwingine anayetaka kupanda huko. Ila maji niyarudishe kwa ndoo, si kwa mpira. Meli nimeiokota vipande sita. Fundi umeme ameituma video nyumbani akiwa amejificha chooni. Hakuitazama. Hata mimi sikuitazama, macho yalikuwa yamejaa jasho.

Ijumaa, 7 Juni

Ndoo. Ndoo. Ndoo. Ghorofa ya sita nimekaa kitako, fundi rangi akanipita, akasema pole nahodha. Habari zimeenea.

Saa nne walianza shuleni. Simu kimya. Saa sita kimya. Nikajipa moyo kwamba bado wanapiga makofi. Saa tisa kimya. Nimepanda mara kumi na saba na kila nikifika juu naitazama simu. Makofi gani ya kupigwa saa tano nzima?

Jumamosi, 8 Juni

Mke amepiga mapema. Hakuniita baba watoto. Ameniita Nahodha. Nikajua.

Video ilionyeshwa. Mwanzo darasa zima likasema aaah. Dakika ya pili akatua kunguru kunywa maji. Sikumwona! Nilikuwa naitazama meli. Kunguru akatembea baharini, maji hayamfiki magotini, akaja sambamba na meli, mrefu kuliko bomba la moshi, akaidonoa bendera. Watoto wakacheka mpaka mwalimu akashika meza. Zikafuata nondo zimesimama katikati ya bahari. Mwisho, sauti ya Kengele kutoka kuzimu: nani huyo kamwaga maji huko ghorofa ya tisa, nani huyo!

Shemeji akasimama, kashasafisha koo. Binti hakumpa nafasi. Akamwambia mjomba, kaa kwanza, bado zamu yangu. Akawaeleza wenzake kwamba baba yake anajenga maghorofa. Anajua siku nyingi, kwa sababu kila baba akipiga simu, nyuma yake inasikika mashine ya kuchanganya zege, na alishauliza, baharini hakuna mashine hiyo. Akasema manahodha wengine meli zao zinakaa chini. Nani hapa baba yake ameipandisha meli ghorofa ya tisa? Hakuna aliyeinua mkono. Wakampigia makofi. Shemeji akakaa.

Nikavuta kamasi. Mke akauliza kama nalia. Nikasema ni saruji. Akasema yameisha, baba watoto, mtoto anataka picha yako na hilo jengo, na nguo zako za kazi, hivyo hivyo ulivyo. Lakini usituongopee tena, tumechoka kukuficha kwamba tunajua. Nikaapa. Nikaapa mara mbili ili atosheke.

Jumapili, 9 Juni

Fundi umeme amenipiga picha mbele ya jengo. Ovaroli, kofia ngumu, kandambili. Picha nzuri. Ya kweli tupu. Nimeituma nikajilaza na roho nyeupe.

Binti akajibu kwa sauti yake. Baba, jengo zuri! La nani?

Kuanza kueleza habari za mwenye jengo, na mkandarasi, na mkandarasi aliye chini ya mkandarasi, ni maneno mengi, na vidole vyangu vimevimba kwa ndoo. Nikaandika neno moja. Letu.

Haikupita nusu saa, shemeji akapiga. Mwenyewe! Tangu nimwoe dada yake hajawahi kunipigia. Shemeji wangu wa damu, kumbe! Anafungasha nguo, anauliza ghorofa ipi ina upepo. Nikamwambia ya nne. Sijui kwa nini ya nne.

Fundi rangi ana funguo za chumba cha kuonyeshea wapangaji, kile walichokimaliza kabla ya vingine vyote. Kina kochi na zulia. Jumanne, saa ya chakula, nitakaa pale miguu juu ya meza nipigwe picha ya kumtumia shemeji. Fundi umeme amegoma, anasema yeye na simu yake wamestaafu. Nimemwambia asiwe mwoga. Safari hii hakuna maji.