Bunduki ya Dhahabu Katika Sebule ya Bi Swabaha

Serikali ilitangaza kwa furaha kubwa kuwa imempata dikteta. Mwenyewe haijampata, lakini imepata bunduki yake, na bunduki ndiyo sehemu kubwa ya dikteta. Iliyobaki ni miwani.

Tangazo lilisomwa Jumatatu asubuhi kwa vipaza sauti viwili, kimoja kikiwa kizima. Watu wa Mji wa Kale walielezwa kwamba kontena moja ilikaa bandarini Kilindini miaka minne bila kuulizwa na mwenyewe. Ilipovunjwa kufuli, mlikuwa na makochi ya ngozi, vioo vya ukutani, mazulia mazito, na bunduki ya dhahabu imelazwa katika sanduku la mahameli mekundu kama maiti wa kifalme. Makochi, vioo na mazulia vilitupwa ghalani Shimanzi, kwa kuwa havikuwa na siri. Bunduki iliundiwa kamati.

Kamati yenyewe iliitwa Kamati ya Taifa ya Utambuzi wa Bunduki za Dhahabu za Madikteta, kwa ufupi KATUBUDHAMA, na jina hilo lilipoandikwa ubavuni mwa gari lilianzia mlango wa dereva likamalizikia kwenye taa za nyuma. Kazi zake zilikuwa mbili: kutambua bunduki ni ya toleo gani, na kutokana na toleo, kumjua dikteta. Gazeti la Serikali liliipa mamlaka juu ya Mji wa Kale wote, vichochoro, baraza na visima, kwa matumizi yoyote ambayo Mwenyekiti ataona yafaa.

Mwenyekiti, Bwana Mutunga, aliona inafaa kuanza na nyumba ya Bi Swabaha.

Bi Swabaha binti Fuad alikuwa na miaka sabini na moja na nyumba moja. Ilikuwa ya ghorofa mbili, kuta zake nene mpaka dirishani paka hulala kwa kujinyoosha, na mlango wake una nakshi ambazo babu wa babu yake alizilipia kwa pembe na karafuu. Humo alizaliwa, humo alizaa, na humo ndimo alimotolewa mumewe Faiz, fundi wa umeme wa bandarini, kwenda kuzikwa. Sasa mlangoni palibandikwa karatasi. Ilisema kwamba bunduki ya dikteta haiwezi kukaa nyumba ya mabati, kwamba nyumba hii imeteuliwa kuwa Makumbusho ya Silaha za Heshima, na kwamba mwenyewe atahama kabla ya siku kumi na nne kwisha. Mwisho ilimshukuru kwa kujitolea kwa hiari yake.

"Nimejitolea lini?" aliuliza Bi Swabaha.

"Jana, mama," akajibu Mutunga, ambaye alikuwa mtu wa adabu. "Ulikuwa hujaambiwa tu."

"Na nitakwenda wapi?"

"Hilo si la kamati hii. Lakini nitakuandikia barua nzuri kwa kamati ihusikayo, itakapoundwa."

Siku ya pili kamati ilihamia sebuleni mwake, ili nyumba ianze kuzoea. Walikuwa wanne. Mutunga alikalia kiti cha marehemu Faiz. Morgan alikuwa mtaalamu wa bunduki. Alisomea utaalamu huo wiki mbili katika hoteli moja ya Naivasha, na cheti chake kilikuwa na picha ya bastola na picha ya kiboko. Kaingu alikuwa dereva, lakini idadi ya wajumbe haikutimia bila yeye. Wa nne alikuwa Nekesa, karani, msichana mtaratibu ambaye alifundishwa kwamba karani hachagui la kuandika. Kwa hivyo aliandika yote. Kumbukumbu za kikao cha kwanza zilisema: "Mtaalamu alikohoa. Kamati ilimpa maji. Mtaalamu alishukuru."

Bunduki iliwekwa mezani juu ya kitambaa cha Bi Swabaha cha kufuma, na ulimwengu wa sayansi ukafunguliwa.

"Tazameni kitako," alisema Morgan kila asubuhi, akitumia kijiti cha ubani kwa kuonyeshea. "Hakikunjwi. Matoleo yenye kitako cha kukunjwa ni ya madikteta wembamba, ambao hulala nayo kitanda kimoja. Huyu wetu alikuwa mnene."

"Mnene kiasi gani?" Mutunga aliuliza.

"Kiasi cha rais wa maisha."

"Andika, Nekesa."

"Nimeandika, mkuu."

"Sasa magazini ya risasi. Imepinda, sawa na zile tunazozijua sote. Lakini haitoki. Imeunganishwa na mwili. Hii ni dalili ya dikteta asiyewaamini hata risasi zake. Na hapa mdomoni mwa mtutu pana uzi wa kukazia kitu. Nionavyo mimi, ni cha kuzuia sauti."

"Dikteta mwenye haya," alisema Mutunga.

"Haya, au mwenye mke asiyependa kelele."

Jumatano walikubaliana kwamba dikteta alikuwa wa jangwani, kwa sababu kitakoni palikuwa na mchanga. Alhamisi Kaingu alikumbuka kwamba mchanga ule ulitoka kwenye viatu vyake alipokuwa akiupumzisha mguu mezani, na dikteta akahamishiwa kwenye nchi za misitu. Jumatatu iliyofuata ziligunduliwa herufi chini ya kitako. Morgan aliziangalia kwa kioo cha kukuzia mpaka adhuhuri, akasema dhahabu imezifunika makusudi, kwa kuwa madikteta wote huogopa kusomwa.

Bi Swabaha alipita na sinia ya kahawa na mahamri, akasikiliza. Hakucheka sana. Usiku wa jana alikuwa amefunga vyombo vya kaure vya mamake ndani ya kanga, kimoja kimoja, na kila alichokifunga kilitoa mlio kama kinachomuuliza kitu. Kila asubuhi, kabla ya wageni wake kufika, aliipangusa bunduki vumbi, kwa kuwa hata nyumba ya kunyang'anywa haifai kukaa na vumbi.

Siku ya kumi na tatu Mutunga alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kesho Waziri yuaja," alisema. "Bango limeshachorwa. Limeachwa nafasi mbili: jina la toleo na jina la dikteta. Bwana Morgan, hatuna hata moja."

"Tuna madikteta saba, mkuu."

"Bango lina nafasi ya mmoja."

Bi Swabaha akatua sinia. "Mwanangu," alimwambia Mutunga, "bunduki hini mimi naijua."

Morgan alimtazama kwa huruma. "Mama, silaha umesomea wapi?"

"Sikusomea. Nimeipangusa siku kumi na moja."

"Basi tuambie, mama," alisema Mutunga.

"Nyumba yangu mwaitwaa bure, na jibu nalo mwalitaka bure? Nitawapa kwa kitendawili. Mkikitegua, kesho nafunga virago bila ya neno."

Mutunga alimgeukia Nekesa. Nekesa akafungua kanuni, akasoma kwamba kamati yaweza kupokea ushahidi wa mdomo kwa namna yoyote ile isiyokuwa ya matusi.

"Kitendawili," alisema Bi Swabaha.

"Tega," kamati ikajibu, na Kaingu akavuta kiti karibu.

"Mfalme wangu amevaa dhahabu tupu, amelala juu ya mahameli, kila amwonaye amcha. Lakini mfalme huyo akisimama, kazi yake ni kuwaonyesha watu njia ya chooni."

Mwadhini alikohoa kwenye kipaza sauti cha msikitini, kisha akakizima.

"Toleo la tatu, lenye mtutu mfupi," alisema Morgan.

"Siyo."

"Dikteta mwenyewe, baada ya kupinduliwa," alisema Mutunga.

"Umekaribia, mwanangu, lakini siyo."

"Balozi," alisema Kaingu.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

Mchezo huu Mutunga aliujua tangu utotoni, kama aujuavyo kila mtu: ukishindwa, humpa mtegaji wako mji, hata ukiwa hujaufika, naye hukwambia jibu. Akasema bila ya kufikiri, "Nakupa Lamu."

Nekesa aliinua kalamu. "Samahani, mkuu. Lamu ni kaunti nyingine. Kamati haina mamlaka huko."

"Basi nakupa Nairobi."

"Nairobi ni mji mkuu, mkuu. Hiyo ni mpaka Bunge."

"Mji wowote basi, Nekesa. Kamati ina mji gani?"

Nekesa alilifunua Gazeti la Serikali, akapitisha kidole. "Mji wa Kale, mkuu. Vichochoro, baraza na visima. Kwa matumizi yoyote ambayo wewe utaona yafaa."

"Naona yafaa," alisema Mutunga, aliyekuwa amechoka. "Mama, nakupa Mji wa Kale. Haya, sema."

Nekesa akaandika: "Azimio la sita. Mwenyekiti amempa Bi Swabaha binti Fuad Mji wa Kale. Hakuna aliyepinga."

Bi Swabaha alikwenda kwenye sanduku la zana za marehemu Faiz, akarudi na holda ya balbu na waya. Holda akaikaza kwenye uzi wa mdomo wa mtutu, nayo ikashika kama iliyorudi kwao. Waya akaupitisha kwenye tundu la kitako. Akatia balbu, akachomeka ukutani, akaisimamisha bunduki kwa kitako chake, akabonyeza kifyatulio.

Sebule ikawa nyeupe.

"Ni taa," alisema. "Ya kuweka pembeni mwa kochi. Ukibonyeza tena, yazimika. Na zile herufi zasema usitie balbu ya zaidi ya wati arubaini."

Kamati ilikaa ndani ya mwanga ule kwa muda. Hatimaye Morgan akasema, kwa sauti ya mtu aliyefikia kilele cha taaluma yake, "Hilo ni toleo adimu sana."

Mutunga ndiye aliyekuwa na busara ya uongozi. Aliamua kwamba taa isitajwe. Bango liandikwe "Toleo Adimu" na "Dikteta Asiyejulikana", ambaye ndiye wa kuogopwa zaidi. Na kumbukumbu za siku hiyo zipitishwe kama zilivyo bila kusomwa, kwa kuwa zikisomwa, taa itasomeka. Kuhusu nyumba, alisema kwa masikitiko, kitendawili hakibadilishi notisi.

Bi Swabaha alirudi kwenye kanga zake na kaure zake. Lakini kwa kuwa sebule yake ina giza na bado alikuwa na vikombe vya kufunga, aliiacha taa na balbu yake, na waya wake ukutani.

Asubuhi Waziri alifika na magari sita, ambayo hayakuingia kichochoroni, akaja kwa miguu. Majirani walijaa barazani na madirishani. Waziri alihutubia kwa saa moja kuhusu ubaya wa udikteta, na kila aliyejaribu kuondoka alirudishwa. Kisha aliingia sebuleni palipotundikwa bango, akaitwaa bunduki mikononi, akapandisha kidevu, akaielekeza kwa wapiga picha na akafyatua.

Balbu ikawaka, na watu wakapiga makofi, kwa kuwa walikuwa wameambiwa wapige.

Waziri aliitazama ile balbu. Aliwahi kuhama vyama vitano, hakuwa mtu wa kubabaishwa na taa. "Serikali iliahidi kuwaletea mwanga," alisema. "Mwanga ndio huu." Akaketi, akatia sahihi kila karatasi aliyowekewa, kumbukumbu zote za kamati zikiwamo, na Mutunga akapumua.

Hapo Nekesa akasimama. "Mheshimiwa, kanuni yasema azimio lolote la ardhi lililotiwa sahihi na Waziri lisomwe hadharani." Akasoma la sita.

Lilipokwisha, hata paka wa dirishani aligeuka.

"Ilikuwa kitendawili," alisema Mutunga.

"Kanuni haina kifungu cha kitendawili, mkuu. Ina cha 'hakuna aliyepinga'."

"Nani ametia sahihi hii?" aliuliza Waziri.

"Wewe, mheshimiwa. Wino bado mbichi."

"Na inafutwa vipi?"

"Kwa kikao cha kamati, mheshimiwa, ndani ya eneo husika. Kwa idhini ya mwenye mji."

Wote wakamgeukia mwenye mji. Bi Swabaha alikuwa amekaa kwenye kiti cha mumewe, ambacho Mutunga alikuwa amekiacha ili asimame mbele ya Waziri.

"Mji mzima nitaufagiaje na mgongo huu?" alisema. "Nitaurudisha. Lakini kwanza iandikwe kwamba nyumba hini haiguswi, si leo, si kwa kamati, si kwa makumbusho, na Mheshimiwa atie sahihi ungali mbichi huo wino. Isomwe hadharani, kama kanuni yenu isemavyo."

Waziri alitia sahihi. Nekesa akasoma, na safari hii makofi hayakuamrishwa na mtu. Tumu, jirani wa Bi Swabaha mwenye sauti, alipiga kigelegele kilichosikika mpaka ufukweni Mama Ngina.

"Haya, tufanye kikao tumalize," alisema Waziri, akivuta kiti.

"Kikao hapa ndani?" aliuliza Bi Swabaha.

"Ndani, mama. Kwa idhini yako."

"Idhini mnayo, wanangu, na chai iko jikoni. Lakini mnajua mpo Mji wa Kale. Nyote tokeni, mvue viatu mlangoni, mwingie upya, na hodi mpige."

Wakatoka. Hodi ikapigwa na serikali nzima, ikajibiwa baada ya muda wa kutosha. Waziri aliingia wa kwanza, kwa itifaki. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikatangulia kuchungulia sebule.

Nekesa, aliyekuwa ameshafungua ukurasa mpya, aliuliza kama kiandikwe miongoni mwa waliohudhuria.